Suricata kwenye meinfremu: imekompaili vizuri, mbona haioni kitu?

Mtu akisema Suricata, programu ya kukagua trafiki ya mtandao na kugundua mashambulizi, imemshinda kwenye Linux ya meinfremu, jibu la kwanza atakalopewa ni "mpangilio wa baiti". Prosesa za IBM Z huweka baiti kubwa mbele, za Intel na AMD huweka ndogo mbele, basi kila kinachoharibika hutupiwa lawama hapo. Mara nyingi lawama hiyo haina msingi. Kinachokwamisha kukompaili ni maktaba zisizopatikana na kumbukumbu finyu, na kinachokwamisha baada ya kukompaili ni mtandao wa meinfremu, ambao hauendeshwi kama wa seva ya kawaida. Mpangilio wa baiti nitaufikia, ila uwe mshukiwa wako wa mwisho.

Mwongozo huu unahusu Suricata 7 kwenye s390x (jina la Linux kwa prosesa za IBM Z), ndani ya LPAR (kipande cha meinfremu kinachojitegemea kama mashine kamili) au mgeni wa z/VM, yaani mashine pepe chini ya mfumo wa IBM wa kuendesha mashine pepe. Wapo wanaouliza kwa nini mtu aiweke Suricata ndani ya meinfremu badala ya kuweka kifaa nje na kunakili trafiki kutoka kwenye swichi. Sababu ni kadi za OSA, yaani kadi za mtandao za meinfremu. LPAR mbili zikishiriki mlango mmoja wa OSA, huweza kuzungumza humo humo ndani ya kadi bila paketi kufika kwenye swichi, isipokuwa msimamizi amewasha utenganisho. HiperSockets, mtandao wa ndani kati ya LPAR, ndiyo kabisa haina waya: ni kumbukumbu ya mashine yenyewe. Kifaa chako cha nje hakitaona hata chembe ya mazungumzo hayo.

Kama huna meinfremu ya kujaribia, IBM hutoa mashine pepe za bure za siku 120 kupitia LinuxONE Community Cloud, na QEMU nayo huiga s390x kwenye kompyuta ya kawaida, japo polepole. Kwa sehemu ya kukompaili zinatosha. Kwa sehemu ya mtandao hazitoshi.

Kwanza ijue mashine

Endesha `lscpu` na uhifadhi majibu. Unataka mistari mitatu: `Byte Order`, ambao lazima useme Big Endian, `Hypervisor`, utakaokuambia kama uko juu ya z/VM au KVM, na `Machine type`. Namba 2964 ni z13, 3906 ni z14, 8561 ni z15, 3931 ni z16. Namba hii utaihitaji kwenye tatizo la `Illegal instruction`, na siku hiyo utafurahi kwamba uliiandika mahali.

Kisha `free -m`. Wageni wengi wa z/VM hupewa gigabaiti mbili za kumbukumbu, na wasimamizi wa meinfremu hawagawi kumbukumbu ovyo.

Dalili: `./configure` inasema maktaba haipo, nawe umeshaisakinisha

Umesakinisha maktaba ya kutumia, hujasakinisha vichwa vyake (headers). Suricata 7 inataka vichwa vya pcre2, libyaml, jansson, libpcap na zlib, yaani vifurushi vinavyoishia na `-devel` kwenye RHEL na SLES, au `-dev` kwenye Ubuntu na Debian. Mitego ni miwili.

Wa kwanza ni wa RHEL. Baadhi ya vifurushi hivyo havimo kwenye hazina za kawaida. Vimo kwenye CodeReady Builder, ambayo huwa imezimwa. Kwenye RHEL 9 unaiwasha hivi:

`subscription-manager repos --enable codeready-builder-for-rhel-9-s390x-rpms`

Angalia neno s390x katikati ya jina hilo. Ukinakili amri kutoka mwongozo wa x86_64 (yaani Intel na AMD), utaambiwa hazina haipo na utadhani kifurushi hakikutengenezwa kwa meinfremu.

Wa pili ni mabaki ya zamani. Kabla ya s390x kulikuwa na s390, mfumo wa biti 31 (ndiyo, thelathini na moja). Mashine iliyosakinishiwa programu za enzi hizo huwa na maktaba za biti 31 ndani ya `/usr/lib` na za biti 64 ndani ya `/usr/lib64`. Kiunganishi kikikuandikia `skipping incompatible`, kimekutana na za zamani kikazikataa. Hiyo peke yake si kosa. Kosa ni pale kisipokuta nyingine ya kuchukua, maana yake kifurushi cha biti 64 bado hujakiweka.

Kama umeandika `--enable-luajit`, iondoe. LuaJIT hutengeneza msimbo wa mashine moja kwa moja, na mradi wake mkuu haujaandikiwa s390x. Tumia `--enable-lua` ukihitaji hati za Lua; usipozihitaji, acha.

Dalili: cargo inajaribu kwenda intaneti na kukwama

Sehemu kubwa ya vichambuzi vya Suricata imeandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo hujengwa kwa zana iitwayo cargo, na tangu toleo la 5, la mwaka 2019, Rust si hiari tena. Meinfremu nyingi hazina njia ya kutoka kwenda intaneti, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ukichukua msimbo kwa `git clone`, unapata mti mtupu: lazima uvute libhtp (maktaba ya kuchambua HTTP) kando kwa `./scripts/bundle.sh`, uwe na cbindgen (hutengeneza vichwa vya C kutoka msimbo wa Rust), na cargo itafute vifurushi vyake mtandaoni. Ukichukua faili la `.tar.gz` la toleo rasmi, vifurushi vya Rust vimo ndani, libhtp imo, na vichwa ambavyo cbindgen ingevitengeneza navyo vimo. Kwenye mashine iliyofungiwa, tumia faili la toleo rasmi. Sioni sababu ya kuhangaika na git hapo isipokuwa unarekebisha Suricata yenyewe.

Rust ya distro ikiwa ya zamani kuliko inayotakiwa, `configure` itakuambia waziwazi. Mradi wa Rust hutoa kompaila tayari kwa `s390x-unknown-linux-gnu`, kwa hiyo huhitaji kuikompaili Rust yenyewe. Pakua kwenye mashine yenye intaneti, hamisha, sakinisha. Hakikisha tu umepakua ya s390x: ya x86_64 itakujibu `Exec format error`, na amri ya `file` itakuthibitishia. Faili sahihi huonyesha `ELF 64-bit MSB` na `IBM S/390`.

Dalili: kompaila inakufa katikati, neno `Killed` au `signal: 9`

Hili si kosa la msimbo. Kerneli imeishiwa kumbukumbu ikamuua aliyekula nyingi, kwa kawaida rustc au cc1. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i oom`.

Chanzo mara nyingi ni `make -j$(nproc)`. Mgeni anaweza kuwa na prosesa pepe nyingi na kumbukumbu kidogo, hivyo kazi nyingi huanza pamoja na zote zinakabwa. Rudi kwenye `make -j1`, na weka `CARGO_BUILD_JOBS=1` kwa upande wa Rust. Ikiwa bado, ongeza eneo la kubadilishana (swap). Kwenye z/VM mwombe msimamizi akupe VDISK ya muda, ambayo ni diski iliyo ndani ya kumbukumbu ya z/VM na huwa na kasi kuliko diski halisi. Ombi la VDISK hupita upesi kuliko ombi la kumbukumbu ya kudumu. Hiyo ni siasa ya ofisi, si ya kompyuta.

Dalili: `Illegal instruction` mara tu unapoiwasha

Inatokea unapokompaili kwenye mashine moja na kuendesha kwenye nyingine. Au mbaya zaidi, miezi baadaye, siku kituo kinapohamia mashine ya dharura ambayo ni ya kizazi cha nyuma.

Bila kukuuliza, `configure` ya Suricata huongeza `-march=native`, yaani "tumia kila amri ambayo prosesa hii inaifahamu". Ukikompaili kwenye z16, programu inaweza kubeba amri ambazo z14 hazijui, na prosesa ikikutana na amri isiyoijua hukata palepale. Dawa:

`./configure --disable-gccmarch-native CFLAGS="-O2 -march=z14" --prefix=/usr --sysconfdir=/etc --localstatedir=/var`

Usichague z14 kwa mazoea. Chagua kizazi cha mashine ya zamani kuliko zote zitakazoendesha programu hii, ikiwemo ile ya dharura. RHEL 9 yenyewe haikubali chini ya z14 na RHEL 8 haikubali chini ya z13, kwa hiyo distro tayari imekuwekea sakafu. Rust haina shida hii isipokuwa umeilazimisha: kwa kawaida hulenga z10, ambayo mashine zote hizi zinaielewa.

Dalili: `libhtp.so.2: cannot open shared object file`

Umesakinisha ndani ya `/usr/local/lib`, na mfumo hautafuti huko. Ongeza faili lenye njia hiyo ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/`, kisha endesha `ldconfig`. Imekwisha.

Sasa endesha `suricata --build-info`. Unataka kuona `64-bits, Big-endian architecture`. Utaona pia `SIMD support: none`, nayo isikutishe.

Dalili: inawaka bila kosa, lakini haioni paketi

Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Suricata inasema injini imeanza, `eve.json`, faili lake la matukio, ina takwimu, lakini matukio ni yale ya mashine yenyewe tu au hakuna kabisa. Watu hurudi kukompaili upya kwa vigezo tofauti. Usirudi huko. Endesha `tcpdump -eni` kwenye kadi ileile: kama tcpdump nayo haioni trafiki ya wengine, Suricata haina kosa.

Kadi za OSA na HiperSockets huendeshwa na draiva ya qeth, na draiva hiyo ina hali mbili. Katika tabaka la 3, kadi yenyewe hushughulikia anwani za IP: Linux huisajilisha anwani zake, na kadi huleta paketi za anwani hizo tu. Hakuna fremu halisi ya Etheneti inayofika juu. Kichwa unachokiona kwenye tcpdump kimebuniwa na draiva. Unaweza kuwasha hali ya kusikiliza vyote hadi uchoke, kadi haitakuletea trafiki ya jirani. Katika tabaka la 2, kadi hufanya kazi kama kadi ya Etheneti tuliyoizoea, kwa anwani za MAC.

Angalia uko wapi kwa `lsqeth` na usome mstari wa `layer2`. Ukiwa 0, badilisha:

`chzdev qeth 0.0.0600 layer2=1`

Weka namba ya kifaa chako badala ya 0.0.0600. Kifaa lazima kizimwe kwanza ndipo sifa hii ibadilike, kwa hiyo kama umeingia kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo utajifungia nje. Fanya kupitia koni ya 3270 (terminali ya meinfremu) au HMC (kituo cha kusimamia mashine yenyewe), au afadhali omba kadi ya pili ya kusikilizia tu. Mimi sioni namna nyingine ya kuendesha hili kwa amani: kadi moja ya kuingilia, nyingine ya kusikilizia isiyo na anwani ya IP.

Ukiwa chini ya z/VM kuna ngazi ya pili. Swichi pepe, yaani VSWITCH, nayo huundwa kuwa ya aina ya IP au ya ETHERNET. Mgeni wa tabaka la 2 kwenye swichi ya IP hatawaka. Na hata ikiwa ETHERNET, mgeni haruhusiwi kusikiliza wengine mpaka msimamizi wa z/VM ampe ruhusa kwa jina:

`SET VSWITCH jina GRANT mgeni PROMISCUOUS`

Unaweza kukagua kutoka ndani ya Linux kwa `vmcp query nic details`. Ruhusa iliyotolewa kwa amri hii hudumu mpaka z/VM iwashwe upya. Kama Suricata ilikuwa inaona vizuri na ikapofuka baada ya matengenezo ya usiku, uliza kama kuna mtu aliyekumbuka kuiandika ruhusa hiyo kwenye usanidi wa kudumu.

HiperSockets ina njia yake: kifaa cha tabaka la 3 kikiwekewa sifa ya `sniffer=1` huwa msikilizaji wa mtandao huo, lakini LPAR lazima iwe imeruhusiwa kwenye mashine yenyewe kwanza. Ombi hilo linakwenda kwa wenye HMC, na ni haki yao kuuliza maswali.

Dalili: inaona baadhi tu

Trafiki ipo, lakini mazungumzo marefu hayakamiliki, faili hazitolewi, na sheria zinazotegemea mtiririko wa TCP ziko kimya. Sababu ziko tatu.

Ukubwa wa paketi. HiperSockets huruhusu MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, ya hadi kilobaiti 56. Suricata ikitumia tpacket-v3 (njia ya kerneli ya kupokea paketi) hupokea paketi ndani ya vitalu, na kitalu cha kawaida kwenye `suricata.yaml` ni baiti 32768. Paketi ya kilobaiti 56 haienei humo. Pandisha `block-size` kwenye sehemu ya af-packet hadi 131072 au zaidi; iwe kipeo cha mbili na igawanyike kwa ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Sijui kama kuna mtu hukutana na hili kwenye x86 yenye MTU ya 1500, ndiyo maana miongozo mingi hailitaji.

Jumla ya ukaguzi (checksum). Paketi zinazotumwa ndani ya mashine moja mara nyingi hazijazwi jumla ya ukaguzi, kwa sababu kila upande unaamini kadi itafanya au kwamba hakuna waya wa kuziharibu. Suricata inaziona zimeharibika na kuziacha. Tazama `tcp.invalid_checksum` kwenye `stats.log`, ikipanda haraka, endesha kwa `-k none` uone. Matukio yakimiminika, umeshampata mhalifu. Weka `checksum-checks: no` kwenye kadi hiyo.

Ya tatu haina dawa ndani ya Suricata: SMC. Mashine za Z huweza kubeba mazungumzo ya TCP kwa SMC-R au SMC-D, ambapo salamu za mwanzo hupita kama TCP, kisha data yenyewe huhamia kwenye kumbukumbu ya pamoja. Msikilizaji wa paketi huona salamu, halafu kimya. Ukiona miunganisho inayofunguka na kufungwa bila hata baiti moja ya data katikati, endesha `smcss` kwenye mashine inayohusika. Uamuzi wa kuzima SMC kwa huduma fulani ili ionekane ni wa watu wa usalama na watu wa kasi kukaa meza moja.

Dalili: `capture.kernel_drops` inapanda, yaani paketi zinadondoka

Kwenye x86, Suricata hutafuta maneno ya sheria kwa Hyperscan, maktaba iliyoandikwa kwa amri za Intel. Haipo kwenye s390x, hivyo `mpm-algo: auto` huangukia kwenye `ac`. Inafanya kazi kwa usahihi uleule, ila inakula zaidi prosesa na kumbukumbu. Usipakie sheria zote za ET Open (mkusanyo wa bure) kwa sababu zipo. Zima kwa `disable.conf` ya suricata-update makundi yasiyokuhusu. Meinfremu inayoendesha hifadhidata ya Db2 haina haja ya sheria za michezo ya mtandaoni. Kumbukumbu ikibana, weka `sgh-mpm-context: single`.

Kabla ya kugusa sheria lakini, fungua `top` na usome safu ya `st`. Huo ni muda ambao prosesa yako pepe ilitaka kufanya kazi lakini IFL (prosesa halisi ya kuendeshea Linux) ilikuwa na mgeni mwingine. Ikiwa juu saa zilezile paketi zinapodondoka, hakuna kigezo cha YAML kitakachokusaidia; unahitaji mgao mkubwa zaidi kutoka kwa msimamizi.

Mwishowe, mpangilio wa baiti

Itifaki za intaneti husafirisha namba baiti kubwa mbele, sawa na meinfremu inavyozihifadhi. Kwa hiyo mwandishi aliyesahau `ntohs` (inayogeuza baiti za mtandao ziwe za mashine) ataharibu mambo kwenye x86, na kwenye s390x msimbo wake utakwenda sawasawa. Makosa yanayouma meinfremu ni ya kinyume chake. Moja ni msimbo uliogeuza baiti kwa mkono bila kuuliza uko kwenye mashine gani. La pili, ambalo ni la kawaida zaidi, ni kielekezi (pointer) kilichobadilishwa aina: namba ya biti 32 inasomwa kana kwamba ni ya biti 8 au 16. Kwenye x86 baiti ya kwanza ndiyo yenye thamani ndogo, basi jibu linatoka sahihi kwa bahati. Kwenye s390x baiti ya kwanza ni ya juu kabisa, na kwa namba ndogo unapata sifuri.

Dalili zake zina sura. Mlango wa 443 ukionekana kama 47873, au 80 kama 20480, baiti zimegeuzwa. Anwani 10.1.2.3 ikiandikwa 3.2.1.10, vivyo hivyo. Urefu au idadi iliyo sifuri daima, hilo ni la kielekezi. Na kitanzi kisichoisha, au onyo la kompaila kwamba ulinganisho ni uongo daima, huenda hakihusu baiti kabisa: kwenye s390x aina ya `char` haina alama ya hasi, hivyo `char` haiwezi kamwe kuwa sawa na -1. Kompaili upya kwa `-fsigned-char`. Tatizo likitoweka, umejua ni lipi.

Ili kuthibitisha, chukua faili moja la pcap na uipitishe kwenye mashine mbili, x86 na s390x, toleo lilelile, sheria zilezile:

`suricata -r mfano.pcap -l /tmp/matokeo -k none`

Washa `community-id: true` kwenye `eve-log` kwa zote mbili. Kitambulisho hicho hutokana na anwani, itifaki na milango kwa mpangilio wa mtandao, kwa hiyo lazima kifanane baiti kwa baiti pande zote. Futa `flow_id` kwa `jq`, panga mistari, kisha `diff`. Vitambulisho vikitofautiana, kosa liko chini, kwenye kusoma paketi. Vikilingana lakini sehemu ya HTTP, DNS au TLS ikatofautiana, kosa liko kwenye kichambuzi cha itifaki hiyo. Punguza pcap mpaka ibaki na mtiririko mmoja tu unaoonyesha tofauti, ambatanisha `--build-info` ya mashine zote mbili, na uwapelekee OISF, shirika linalotengeneza Suricata. Wana mkusanyo wa majaribio uitwao suricata-verify, na pcap ndogo yenye matokeo yanayotarajiwa ndiyo wanayoweza kuiingiza humo bila kuwa na meinfremu mezani.